Thelathini na Tisa Hawajapatikana

Ofisini walimwita Kijiko, na jina alijitakia mwenyewe. Kila aliyemuuliza kwa nini anakagua faili moja tu katika kila mafaili arobaini ya watu wanaopewa unga na maharage ya serikali, alijibiwa vilevile: mpishi hamalizi chungu ili ajue chumvi, kijiko kimoja kinatosha. Alilisema hilo miaka kumi na moja, wala hakuwahi kufikiri kwamba siku moja chungu kingekuwa cha kwao.

Mwezi huo alitia mkono kwenye kopo la vikaratasi vya namba, akatoa namba kumi na saba. Basi ni faili la kumi na saba, kisha la hamsini na saba, na hivyo kila la arobaini hadi mwisho wa kabati. La hamsini na saba lilikuwa la shangazi yake. Angeweza kukirudisha kikaratasi na kutoa kingine. Mkaguzi mwenzake alishastaafu na hakuna aliyemtazama. Lakini Kijiko alikuwa na ugonjwa wa kuwa mwaminifu hata akiwa peke yake. Akatuma barua kama kwa wengine wote: umechaguliwa kwa bahati nasibu, mkaguzi atafika Jumanne.

Jumanne alimkuta shangazi amevaa gauni la harusini na viatu vinavyombana, majirani wanne wamejipanga kwenye benchi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Zawadi iko wapi?"

"Zawadi gani?"

"Si nimeshinda bahati nasibu? Barua ninayo."

Alieleza mpaka mate yakamkauka. Majirani waliondoka mmoja mmoja, wa mwisho akiamini kabisa kwamba zawadi imefichwa. Kijiko akafungua fomu, maana kazi ni kazi.

"Watu wangapi wanakula chungu kimoja hapa?"

"Mmoja. Mimi."

Kijiko akatazama kabati la vyombo. Sahani zilikuwa mbili, na ile iliyomeguka ukingoni ilikuwa yake. Tangu ahamie mtaa huu alikula hapa kila mchana, na hata siku moja hakujiona kuwa ni mtu aliyekuwepo.

"Na mimi je?"

"Wewe? Mtoto wa kaka yangu nikuhesabu? Wanaohesabiwa ni kuku."

Kanuni ilisema kwamba anayekula nyumbani siku nyingi za mwezi ni wa kaya hiyo, na mshahara wake ni wa kaya hiyo. Mshahara wa Kijiko ungemfuta shangazi kwenye orodha, na bila ule unga angeshinda na njaa nusu ya kila mwezi. Aliapa moyoni kwamba hatakula tena pale, lakini fomu iliuliza habari za mwezi uliopita. Akaandika: wawili, wa pili ni mkaguzi.

Shangazi alisoma juu ya bega lake. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaenda kuvua viatu.

Makao makuu walijibu baada ya wiki tatu. Kwa kuwa kila faili linalokaguliwa husimama badala ya arobaini, barua ilisema, imebainika kuwa wakaguzi arobaini wanakula katika nyumba za wahitaji. Mmoja ameshajulikana. Mkaguzi awatafute thelathini na tisa waliobaki, na mpaka wapatikane, asifutwe mtu yeyote kwenye orodha.

Kijiko aliisoma mara tatu. Kisha, mwaminifu kama kawaida yake, akawaandikia kwamba ofisi nzima ina mkaguzi mmoja tu. Walijibu kwamba hilo linaonyesha jinsi wenzake walivyojificha.

Basi kila mwisho wa mwezi anaandika ukweli mtupu: hawajapatikana. Unga unaendelea kuja.

"Ukiwapata," shangazi humwambia, "waambie waje na sahani zao."

Mchana Kijiko hukaa kizingitini, miguu nje, akitafuna mkate wa dukani. Shangazi hula ndani, mlango wazi, wakiongea ya mtaani. Wakimaliza, shangazi huosha sahani mbili, yake na ile iliyomeguka isiyoguswa.