Firigisi ya Baba Kwenye Sahani Yangu

Mhariri, naomba ufiche jina langu, la shule na la kijiji chetu, maana kwetu gazeti moja husomwa na watu wengi kwa kupokezana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa. Nyumbani ni upande wa Kenya, karibu na mpaka wa Busia, lakini nasoma kidato cha nne kwa masista, upande wa Tororo, Uganda. Nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika siku hizo katika daftari langu, ili wasomaji wasinihukumu kabla ya kuelewa.

Kwetu mwanamke hali kuku. Humfuga, humpika, kisha humpelekea mumewe na wageni. Firigisi ni heshima ya mwenye nyumba. Hata mtoto wa kiume haigusi. Shuleni, sisi wa somo la mapishi tulijua jinsi ya kusukuma vipande vyetu kwa wasichana ambao kwao hakuna mwiko huo. Masista hawakuwahi kugundua.

Sikukuu ya mtakatifu wa shule ilipofika, wazazi walialikwa. Baba alikuja na shangazi, dada yake mkubwa. Mimi ndiye niliyepewa kupika, nikapanga nyama kama mama alivyonifundisha, firigisi juu, ikielekea alipoketi baba. Mwenzangu akaninong'oneza, "Ukimlisha mzee hivyo, hatakubali uolewe."

Sista Mkuu, ambaye ametoka Ulaya, alifurahi sana. Aliniketisha kando ya baba, akaichoma firigisi ile kwa uma na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Amepika vizuri huyu. Kula, binti yangu, wazazi waone."

Nilimtazama baba, yeye alitazama mikono yake. Kumkatalia Sista mbele ya wageni ni jambo ambalo sijaona msichana yeyote akilifanya pale. Nikala. Shangazi akasimama, akajifunga leso yake vizuri, akatoka bila kuaga.

Nilipofika nyumbani kwa likizo, shangazi alikuwa ametangulia. "Binti yako amekula heshima yako mbele ya watu," alimwambia baba. "Na aliyemlea ni huyo mke wako."

Baba ni Mkristo, kila Jumapili huketi benchi la mbele. Lakini wazee wa ukoo waliposema, aliwatii. Waliamua nichinjiwe kondoo, nipakwe yaliyomo tumboni mwake, niombe msamaha. Mpaka hapo, mama akae kwao Masaba, ng'ambo ya mpaka. Aliondoka na mtoto mchanga mgongoni, hakubishana na mtu.

Nilirudi Tororo kumweleza Sista Mkuu.

"Nisamehe, sikujua," alisema, na niliona ameumia kweli. "Lakini kondoo huyo, hapana. Wasichana wadogo wa shule wanakutazama wewe. Ukikubali, usirudi hapa."

"Sista, mama yangu amefukuzwa kwa sababu yangu."

"Tutamwombea."

Kutoka hapo nilikwenda Masaba. Mama alikuwa akimenya muhogo. Nilimweleza yote nikitumaini ataamua yeye, nami nitii tu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza bila kuinua uso, "Ina ladha gani?"

"Nini, mama?"

"Firigisi. Naipika tangu niolewe."

Nikamwambia ni ngumu kidogo, lakini ni tamu kuliko paja. Alitikisa kichwa polepole, kisu kikaendelea na kazi.

"Usiwaambie nimekuuliza," alisema. "Na usifanye neno kwa ajili yangu, halafu uje kunichukia."

Akachukua muhogo mwingine.

Wazee watangoja mpaka likizo iishe. Kondoo amekwisha chaguliwa, anakula nyasi nyuma ya jiko letu. Muhula unaokuja ndio wa mtihani wa mwisho, na Sista Mkuu si mtu wa kubadili neno. Nikipakwa, mama atarudi nyumbani siku hiyo hiyo nami nitakuwa nimeacha shule. Nikikataa, nitafanya mtihani wangu na yeye abaki Masaba, labda moja kwa moja, maana shangazi ameanza kumtafutia baba mke mwingine. Wadogo zangu huniuliza kila jioni mama anarudi lini, nami huwaambia karibu.

Wasomaji, hasa ninyi akina mama mliosomea kwa masista, nishaurini: nimfuate kondoo au nirudi darasani?