Viraka vya Magotini

Leo nimefungua sanduku la nguo, harufu ya nafthalini, ile dawa ya nondo, ikanipiga, nikaikumbuka siku ile sokoni Kalerwe.

Enzi hizo wacheza dansi ya ragga walikuwa wanaangukia magoti, basi kila mtoto mtaani alitaka suruali yenye viraka magotini. Mimi nilikata vyangu kwenye shati la jeshi la marehemu babu, lililotunzwa sandukuni na nafthalini, nikavishona mwenyewe bila kumwambia bibi. Halafu nikamfuata sokoni, najidai.

"We mtoto, simama! Nguo ya jeshi umetoa wapi?"

Alikuwa askari mwenye bunduki. Bibi akaangalia magoti yangu, akalijua lile shati. Niliogopa macho yake kuliko bunduki.

"Ya mume wangu, afande. Mimi ndiye nimemshonea."

"Mama, raia havai hii. Toa, ama naenda na yeye."

Bibi akaazima wembe kwa muuza vitunguu, akapiga magoti kwenye matope, akafumua uzi mmoja mmoja. Askari akanyoosha mkono avichukue. Bibi akamsihi:

"Niachie kimoja, mwanangu. Nikirudishe kwenye shati."

Akatia vyote viwili mfukoni, akaenda.

Bibi akasimama, akauliza bei ya vitunguu. Sauti haikuwa yake ya kila siku.