Wimbo wa Wakulima

Mwezi uliopita niliingia duka moja la Wahindi, njia ya Nyasho, kununua kitambaa cha mtoto. Santuri ilikuwa ikipiga wimbo wa sinema ya Kihindi. Nyuma yangu akaingia mgambo, rungu mkononi.

"Zima! Mnapigaga nyimbo za nani hapa?"

Mwenye duka aliinua sindano, mkono ukimtetemeka. Jirani yake alikuwa amechukuliwa na mgambo wiki hiyohiyo, na hakuwa amerudi. Mke wa mwenye duka ndiye aliyejibu.

"Mtunzi ni wa kwetu Bengali, ndugu. Alianza kwa kuwatungia wakulima wa mpunga, polisi wa Mwingereza wakamsaka. Baadaye akaenda Bombay, akatunga za sinema, akatajirika."

"Akatajirika?"

Mume akafumba macho. Mimi nikakaza kanga iliyombeba mwanangu.

"Basi ni bepari huyo. Za sinema sitaki. Weka wimbo wa wakulima nisikie, la sivyo twende wote ofisini."

Yule mama akaitazama santuri. Hakuwa na nyingine. Akaiweka tena ileile, wimbo uleule.

Mgambo alisikiliza, akigongagonga rungu pajani taratibu.

"Umeona? Huu una jasho la mkulima. Au siyo, mama?" Aliniuliza mimi.

"Kabisa, ndugu," nikasema, mimi nisiyezoea kusema mbele za watu.

Akaondoka akipiga mluzi. Siku hizi, wasomaji wangu, nikisikia watu wanamwitikia mkubwa kwa sauti moja, naangalia kwanza mikono yao kama inatetemeka.