Namba Niliyompa Mzee wa Ahmedabad

Shemeji yangu wa Kagugu alinionya kabla sijaondoka Kigali. Aliwahi kumpeleka mama yake India kwa matibabu, kwa hiyo alijiona mjuzi wa nchi nzima. Alisema mwanamke anayetembea peke yake kule asimwamini mtu yeyote anayetangulia kumsalimu, hasa akiwa mpole. Nilimcheka, lakini maneno yake nilisafiri nayo.

Ahmedabad niliingia kwa treni, bila kundi wala kiongozi wa watalii. Asubuhi ya pili nilikwenda mji wa kale, penye vichochoro vyenye malango na nyumba za mbao zilizochongwa maua. Kila aliyenitabasamia nilimtilia shaka. Mama mmoja alinipa kipande cha papai. Nilikishika mpaka kona iliyofuata, nikakitupa.

Chini ya mnara mdogo wa kulishia njiwa nilimpigia simu dada yangu. Tulilelewa Tanzania, na mpaka leo tunaongea Kiswahili. Nilipokata simu, mzee wa Kihindi mwenye sweta ya kijivu alikuwa amesimama kando yangu.

"Dada iko natoka wapi?"

Nilimjibu kuwa natoka Nairobi. Yeye akasema alizaliwa Kigali, baba yake akiuza vitambaa mjini, wakahama akiwa kijana. Nilikuwa nimemtajia dada yangu makutano ya Sonatubes ya Kigali sasa hivi, nikajua kanisikia na sasa ananitungia hadithi. Nikamhoji: soko, kanisa, mto. Mengine aliyajua, mengine alisema ameyasahau, na kila alichosahau kilinizidishia shaka.

Akaniomba nifike kwake, nyumba ya tatu tu, ili dada yake asiyeona asikie sauti ya mtu wa kule. Nilikataa kuingia. Hakunishurutisha. Aliingia peke yake, akarudi amemshika mkono bibi kizee, wakasimama kizingitini. Mimi nilibaki kichochoroni nimekumbatia mkoba.

"Muraho," bibi akanisalimu. Kisha akauliza, kwa Kinyarwanda cha kukatikakatika, kama mvua zimeshaanza.

Nilimjibu kwa Kinyarwanda kwamba zimeanza, na kwamba pale Kigali, Kicukiro kote ni tope. Bibi akacheka kwa furaha. Mzee akanitazama, alishajua kwamba sikutoka Nairobi. Aliniomba tu namba ya simu, ili dada yake apate kunisalimu siku mojamoja. Nikaiandika kwenye karatasi, tarakimu ya mwisho nikaibadilisha.

Niliporudi nyumbani na kusimulia, shemeji alinisifu. Dada yangu hakunisifu. "Sasa wakipiga, anapokea nani?" aliniuliza.

Swali hilo lilinikosesha raha wiki nzima. Mwishowe nikaipiga ile namba ya uongo. Akapokea mwanamume aliyejitaja kuwa dereva wa pikipiki, nikisikia magari nyuma yake. Nilimuuliza kama kuna mtu wa nje ya nchi aliyewahi kumpigia. Akasema ndiyo, mara mbili: bibi mmoja anasema muraho, halafu anauliza habari za mvua. Alidhani ni matapeli, akaizuia namba yao.

Nikamsihi anisomee namba hiyo.

"Na wewe ni nani?" akauliza.

Nilianza kumweleza kuhusu Ahmedabad, mzee na dada yake asiyeona. Sikufika mbali. Alikata simu, na nilipojaribu tena, nami alikuwa ameshanizuia.