Nusu Saa ya Bibi

Mimi ndiye niliyefuturisha kijiji kizima jua likiwa bado juu. Msinitazame hivyo, nilikuwa na miaka kumi, na muhogo wa nazi ulikuwa unanukia.

Hata leo, niko kidato cha pili, nikinusa mafuta ya taa hamu ya kula inakatika. Hayo ndiyo Bibi, mama yake mama, aliyoilainishia saa yake ya mezani, kwa unyoya wa kuku. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Likawage, aliacha kitanda akaipakata saa njia nzima, ikigonga mapajani. Kila asubuhi aliitia ufunguo, kisha akachora kistari cha mkaa ukutani: siku moja zaidi haijasimama. Kila jua likizama aliisahihisha, mishale yote miwili juu, kumi na mbili kamili. Vistari vilishafika mlangoni.

Siku za mawingu muadhini, Mzee Likwena, alikuja kuuliza dirishani kwetu. Ramadhani ile mvua za kwanza ziliziba anga. Bibi alipokwenda kutawadha, nikausukuma mshale mrefu nusu duara.

"Bi Mwanahawa, imefika?"

Bibi akatazama saa. "Imefika. Adhini."

Tukala. Mara mawingu yakapasuka, jua likachungulia juu ya mikorosho, jekundu, nene, kama limekuja kudai sahani yake. Siku yetu sote imeharibika, lazima ilipwe.

"Saa yako ina njaa kutushinda!" Mzee Likwena akafoka. Watu wakacheka, ila si kicheko cha kheri.

Bibi aliitema tende kiganjani. "Imezeeka, kama mimi," akasema. Asubuhi hakuitia ufunguo, wala hakuchora. Nyumba ikawa kimya, nami nikajipongeza: nimepona!

Hakuna aliyekuja tena dirishani. Siku ya tatu ya Idi Bibi alifariki, hajailipa siku ile.

Nilidhani nimeharibu saa tu. Nilipokua kidogo ndipo nilipoelewa: nilichosimamisha ni neno lake. Kabla ya hapo, Bibi akisema imefika, watu walikula.

Baada ya hitima nilimwungamia mama, makamasi yakinitiririka. Hakuacha kusugua sufuria.

"Bibi yako alijua jioni ile ile," akasema. "Kaniachia wasia: siku yake uifunge wewe kwanza, ndipo yako. Kesho nitakuamsha daku."