Bastola Iliyochekwa

Kaka yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta nilipofungua boksi. Ndani mlikuwa na bastola kubwa ya kizamani, ya silinda ya kuzunguka, ile ambayo kila risasi lazima uvute kinyundo kwa kidole gumba ndipo ufyatue.

"Dada, hii ni chuma ya makumbusho! Utakuwa unaingiza risasi moja moja kama mtu anapanda mahindi shambani Kinna?"

Yeye alikuwa na bastola mpya, nyembamba, ya magazini inayochomekwa na risasi zake zote kwa mara moja. Nilimwacha acheke. Mikono yangu imevuta kamba za ng'ombe tangu ujana, na zile ndogo za dukani zilipotea kiganjani. Hii niliishika nikajua ni yangu. Ni nzito, ndiyo, lakini risasi yake ni nene, na njia zetu zina nyati.

Tulikuwa tukinunua mifugo pamoja tangu baba afariki. Wenye leseni za silaha walipoambiwa wapimwe shabaha upya, mama alikata shauri: atakayefaulu ndiye atakayeongoza safari za Garbatulla, mwingine abaki Isiolo kupokea mifugo sokoni. Mimi nibaki mjini? Niliapa haitatokea.

Kwetu, chochote kinacholia au kukauka hupakwa mafuta ya nundu ya ngamia: mikanda, kamba, bawaba za lango. Basi na mimi nikaipaka bastola. Baada ya wiki moja ya vumbi la barabarani, silinda iligoma kuzunguka, mafuta yamenasa mchanga mtupu. Niliona haya peke yangu. Nikatoa risasi, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaikausha kwa kipande cha leso. Kisha nikamwonya kaka, maana naye aliipaka yake mafuta yaleyale.

"Baba alipaka silaha yake mafuta haya haya miaka yote," akanijibu. "Wewe nani?"

Siku ya mtihani, upande wa Burat, upepo ulitujaza mchanga hadi menoni. Kaka alifyatua mara mbili. Ya tatu ikakwama. Alivuta, akagonga, akalaani kwa Kiborana, mpaka mkaguzi akamwamuru aiweke chini.

Zamu yangu ikafika. Nilijaza matundu matano, la sita nikaliacha tupu chini ya kinyundo, kama muuzaji alivyonifunza, isije ikalipuka ikianguka. Vuta, fyatua. Vuta, fyatua. Zote tano zikaingia ndani ya duara. Nikatoa maganda, nikajaza tena moja moja, mahindi ya Kinna hayo, na tano nyingine zikafuata zile za kwanza. Nilipiga kigelegele palepale, mbele ya askari, wala sikujali.

Safari iliyofuata, kaka alikuja asubuhi kunisindikiza. Alinifungulia mlango wa mbele wa lori, akaweka chupa ya mafuta ya taa karibu na miguu yangu.

"Ya njiani, dada," akasema.

Hakucheka. Nilicheka mimi, mpaka Garbatulla.