Bagia Zilizofungwa kwa Habari za Waamerika

Enzi zetu daftari halikutupwa. Likijaa, mama alilichukua, akalichana karatasi moja moja na kufungia bagia alizouza kando ya soko la Kariakoo. Hesabu zangu zote za darasa la tano ziliishia kwenye mikono ya wapagazi na mafundi baiskeli, na nina hakika wengine walizisoma huku wakitafuna, maana kusoma bure nani alikataa? Leo mjukuu wangu ana simu yenye maktaba nzima ndani yake, na ukimwuliza alichosoma jana anakujibu, “Bibi, sikumbuki.”

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka ile nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo na mistari ya nguo. Asubuhi ilikuwa harufu ya kunde zilizosagwa na vitunguu, na kelele za madebe bombani. Jioni tulicheza rede mpaka mtu aitwe kwao kwa fimbo. Lakini ilikuwa pia miaka ya kutazamana. Pale Mnazi Mmoja mikutano ya kudai uhuru ilianza kujaa, na ikasemekana makachero wa serikali wanapita mitaani wamevaa kanzu kama sisi. Baba yangu, fundi cherehani, alikuwa hatamki neno “gavana” mpaka achungulie dirishani. “Ukuta una masikio,” alituambia. Na akigeuza macho kuelekea chumba cha mbele, aliongeza, “Kikulacho ki nguoni mwako.”

Chumba cha mbele alikaa Bwana Mbaruku, karani wa boma. Alikuwa mtu mzima asiye na mke, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na baiskeli aliyoifuta vumbi kila siku. Maneno yake yalikuwa machache. Lakini kila jioni alinikuta barazani akaniuliza, “Leo mmefundishwa nini, Mwanaidi?” Mimi nilimjibu kwa furaha, kwa sababu nyumbani hakuna mwingine aliyeniuliza. Baba hakupenda. “Karani wa serikali na masomo ya watoto, wapi na wapi?”

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Anaeli, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye koti moja alilolivaa hata kwenye joto la Dar es Salaam. Kitabu chetu cha historia kilikuwa na ukurasa mmoja tu juu ya makoloni ya Amerika, ukisema walowezi wale walikosa shukrani. Siku hiyo mwalimu alifunga kitabu, kisha akafunga mlango. Mlango ulipofungwa, darasa zima liliacha kukohoa.

Akatuambia kwamba Waingereza wa wakati ule waliamini wanaokaa Bungeni London wanawasemea watu wote wa dola, hata walio ng'ambo ambao hawakumchagua yeyote. Wale waliohamia Amerika walikuwa Waingereza vilevile, walitoka na mawazo hayohayo. Lakini bahari ni pana na mfalme alikuwa mbali. Wakazoea kuendesha mambo yao kwenye mabaraza yao. Kila mahali walichagua mtu anayekaa palepale, anayechota maji kisima kimoja na wao, wakamwagiza la kusema, na akirudi wakamwuliza kasema nini. Vikapita vizazi. Kodi za London zilipokuja, ugomvi ulikuwa umeshaiva: pande mbili hazikuelewana tena juu ya nani anaweza kumsemea nani.

“Huwezi kukata shauri la mtu ambaye hukumwita,” alisema mwalimu. “Hilo ndilo walilolishika.”

Nikanyoosha mkono. “Na watumwa wao, mwalimu, waliwaita?”

Akautazama mlango. “Hapana. Hapo walijisahau. Hayo msiyaandike, hayamo kwenye mtihani.”

Mimi niliandika. Niliandika yote, kwa mwandiko wangu bora, kwenye kurasa za mwisho za daftari. Jioni nilipomsimulia Bwana Mbaruku, alisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha baiskeli, akacheka kidogo, kisha akasema, “Mwambie mwalimu wako awe mwangalifu.” Baba alisikia kutoka dirishani.

Wiki chache baadaye, mwezi wa Ramadhani umeingia, gari la afisa elimu lilisimama nje ya shule yetu. Mwalimu Anaeli aliitwa ofisini, akatoka na barua. Alikuwa anahamishwa, aende bara, mbali kabisa, na wiki ileile. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Jioni hiyo watu wa nyumba walikaa uani. Bwana Mbaruku alikuwa hajarudi kutoka kazini. Baba akaeleza swali la kila jioni, kicheko, na yale maneno ya “awe mwangalifu”. Mama mwenye nyumba akasema, “Ushahidi gani tena?” Haikuchukua hata muda wa birika la chai kuchemka. Ikakatwa shauri kwamba asijibiwe salamu na asipelekewe futari. Mnajua maana yake, mtu mseja kwenye nyumba ya Waislamu, mwezi mtukufu, asipelekewe hata sahani ya uji. Tulimsikia magharibi akigongesha kijiko chumbani mwake peke yake.

Siku ya safari mama alinituma nimpelekee mwalimu bagia za njiani. Alizikaanga mchana na yeye amefunga, kwa heshima ya mtu aliyenifundisha. Nilimkuta stesheni ya reli na sanduku lake la bati. Akafungua kifurushi, akaangalia karatasi, akaanza kucheka mpaka macho yakamtoka machozi.

“Mwanaidi, afisa alinionyesha karatasi kama hii. Imelowa mafuta, inanuka vitunguu. Dereva wake alinunua bagia sokoni. Nikamwambia mwandiko huu siujui.”

Ulikuwa mwandiko wangu. Mama yangu hakujua kusoma. Kwake daftari lililojaa lilikuwa daftari lililojaa.

“Usimwambie mama yako,” akasema. “Hakukusudia. Na wewe uendelee kuandika.”

Nilirudi kwa miguu na neno moja kifuani: si Bwana Mbaruku. Nilipofika alikuwa barazani. Aliniona, akajaribu kutabasamu, akasubiri shikamoo yangu. Ndani, baba alikuwa amekaa na cherehani yake karibu na dirisha. Nilifikiri fimbo ya baba, nikafikiri mama atakavyojilaumu, nikafikiri mwalimu alivyoniambia ninyamaze. Sababu za kunyamaza sikuzikosa. Nikapita kimya, nikamwacha na shikamoo yake hewani.

Idi ilipokwisha alipakia kitanda na baiskeli kwenye mkokoteni, akahamia Buguruni. Hakugombana na mtu. Baba alisema, “Mnaona? Mwenye kosa hukimbia.” Baba alikufa akiamini hivyo, na mama alikufa bila kujua.

Sasa wajukuu wangu wana makundi yao kwenye simu. Juzi walimtoa binamu yao kwenye kundi la ukoo, eti amepeleka maneno kwa watu. Ilikuwa dakika tano, vidole tu, na kijana wa watu hajaulizwa lolote. Nikakasirika. Nikawaita sebuleni, nikakaa vizuri kama bibi anavyokaa anapotaka kufundisha, nikaanza, “Enzi zetu, mtu kabla hajahukumiwa…”

Nikakwama. Walinitazama wakisubiri, mmoja akaniuliza kama ninataka maji.

Nilikuwa naisikia sauti ya kijiko, magharibi, chumba cha mbele. Nikawaambia, “Mwiteni kijana. Mimi nitakaa hapa mpaka aje.” Na alipoingia akaniambia “Shikamoo, bibi,” niliijibu kwa sauti kubwa, wakashangaa wote, “Marahaba, mwanangu. Marahaba.”